Kilichonipata Juu ya Vilima

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Kikohozi cha Baba kimepungua? Mimi mwili upo. Roho ndiyo sijui iko wapi.

Najua mnangoja habari za shirika la ndege. Utakumbuka nilivyonuna mkuu wa chuo cha urubani aliponikataza kukimbilia kazi ya kurusha ndege za mizigo. Aliniambia saa za kuruka si maji ya kujaza debe. Nibaki kwanza chuoni nifundishe wanafunzi, nirudie kutua kwenye upepo wa ubavuni hadi mikono ijue yenyewe. Nilitii shingo upande. Kumbe mzee yule alikuwa ananitengeneza. Wenzangu waliopita njia ya mkato bado wanahangaika na mitihani ya shirika. Mimi nilipita yote, nikaitwa kwenye usaili wa mwisho.

Wiki hiyohiyo niliruka na mwanafunzi wangu, mama mmoja wa makamo, daktari wa meno, ambaye hucheka kila tukitikiswa. Juu ya vilima nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Nikamwuliza kama naye anaisikia. Jibu lake sikulisikia.

Nilipozinduka, mdomo umejaa damu, na yeye ameshika usukani kwa mikono miwili, anaita, “Mwalimu! Mwalimu, jamani!” Ndege ilikuwa imenyooka. Nikamwambia nilikuwa namjaribu, na amefaulu. Akacheka huku analia. Tukatua pamoja, mikono yake na yangu.

Tulipofika chini akaniomba nifungue mdomo. Akautazama ulimi wangu nilivyouuma. Kisha akasema kwa upole kwamba sikuwa namjaribu. Akaniahidi hatanitangulia kusema, ila akaniomba nisimpakie mtu mwingine kabla sijapimwa.

Nilijidanganya, Kaka. Nikasema ni uchovu, ni kushinda na njaa. Nikapiga pasi sare, nikaenda kwenye usaili, nikajibu kila swali. Wakanipa kazi palepale na kunishika mkono. Nikatoka nje, nikatapika nyuma ya magari yao.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa marubani, nikamweleza yote mwenyewe. Vipimo vimetoka leo. Ni kifafa. Leseni ameichukua, na shirika nimeliandikia. Sitarusha ndege tena.

Baba hajui. Nasikia ameshawatangazia majirani kwamba binti yake ataendesha ndege kubwa. Mwambie wewe, maana nikiisikia sauti yake tu nitamdanganya na yeye. Umwambie vipi, sijui. Kila ndege ikipita juu ya bati la chumba changu najifunika mto usoni.

Nisalimie wifi, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Usinipigie simu, sitaweza kuongea. Njoo wewe mwenyewe. Naogopa kukaa peke yangu, Kaka. Njoo.

Mdogo wako akupendaye,
Kinda