Nilifumua ua la Patricia

Bibi Sumaya mpendwa, we unayejibu barua zetu gazetini, nakusalimu kwa heshima, na huyo anayekusomea naye namusalimu, naomba musaada wako na naomba asiruke neno hata nikionekana mubaya. Mi ni mama wa hapa Kinama, nauza mawese sokoni, na nikifunga biashara nakaa mulangoni na sindano, nashona maua kwenye shuka, hakuna anayenituma na hakuna anayenilipa, ni roho yangu tu inapenda. Shida yangu ina jina, Patricia, jirani yangu, marehemu. Maua ya Patricia ukiyaona ulitaka kuyanusa, Bibi, na mi nikishona ua lilelile, kwa uzi uleule, linatoka kama kitu kimekanyagwa, na yeye alikuwa akipita ananiinamia anasema, "Mama Espoir, hilo ni ua ao ni yai la kukaanga?" na wamama wote wanacheka, na mi nacheka, lakini nikilala nameza mate machungu.

Mwaka wa 95 niliazima kwake shuka aliyokuwa anamushonea binti yake Sephora, angali mutoto, kwa ajili ya ndoa yake ya baadaye, nikasema nataka kuangalia mufano, na wiki hiyohiyo watu wa bunduki wakaja, sisi tukakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, Sephora akatoka na jamaa zake, Patricia hakutoka, nyumba iliungua naye akiwa ndani. Mi nilikimbia na shuka yake kichwani, nimefungia sufuria. Kwa hiyo Bibi, katika vitu vyote vya Patricia duniani hakuna picha, hakuna kijiko, kuna shuka hiyo tu na iko kwangu.

Sasa tumerudi, Sephora nilishamwambia shuka ya mama yake iko kwangu, naye anaolewa Jumamosi, na unajua kwetu wakwe wanakunjua shuka za bibi arusi mbele ya watu, wanazishikashika, wanageuza mpaka nyuma. Alikuja akaniambia, "Mama mukubwa, Ijumaa nitapita kuchukua shuka ya mama." Nikaitikia vizuri. Alipoondoka nikaitandika, nikaweka na ya kwangu pembeni, ule uchungu wa zamani ukaamuka, nikasema hata amekufa bado ananishinda, leo nitajua siri yake, nikachukua ncha ya sindano nikafumua ua moja, lile la katikati, nione uzi unapita wapi. Sikuona siri. Chini yake niliona mafundo, na uzi mwekundu wa aina mbili umeunganishwa, na tundu nyingi za sindano ambazo hazina uzi, basi. Nikajaribu kulirudisha, nikashindwa, nikajaribu tena, nikashindwa, sasa katikati ya shuka pamebaki kidonda. Uzi wake nimeuviringisha kwenye njiti ya kiberiti.

Nimeona kwenye maduka ya Quartier Asiatique wanauza shuka za maua mekundu zilizoshonwa kwa mashine, ninunue moja niseme ni ya mama yake? Ao nimwambie ya mama yake imeungua juzi na moto wa jiko? Sindano zangu nimezifunga kwenye kitambaa, nataka kuzitupa chooni, mutu kama mi hafai kushona hata kifungo.

Mama Espoir, Kinama

*

Mama Espoir, Massoudi, anayenisomea na kuniandikia, amenisomea barua yako mara mbili. Ya kwanza nilikasirika. Ya pili nilikasirika zaidi.

Tuanze na uongo. Vita vilimuchomea Sephora mama yake, na we unataka kumuchomea tena kwa kinywa? Umulaze binti juu ya maua ya mashine, awe anayapapasa akisema huu ni mukono wa mama yangu, na mukono wenyewe umeuficha kwako? Apana. Hilo usilitamke tena.

Sasa wivu wako. Sitakuambia maua yako ni mazuri kama yake, sijayaona. Labda ni mayai kweli. Lakini we mwanangu, uliona na hukutazama. Umeandika mwenyewe: tundu za sindano ambazo hazina uzi. Unafikiri zilitobolewa na panya? Patricia alishona pale akafumua, akashona akafumua. Uzi wa aina mbili ni kwa sababu ulimuishia, na mwaka ule siku nyingi mji ulikuwa umefungwa kwa ajili ya vita, maduka hayafunguliwi, akaunga na alichopata. Mafundo akayaficha nyuma kama sisi wote. Miaka yote hiyo ulikuwa unatazama shuka yake kwa juu na ya kwako kwa chini, halafu unalia kwamba hazifanani.

Naye alikutania, ndiyo. Shuka ya mutoto wake akakuazima. Angekudharau angekuazima ufagio.

Na nikuambie jambo chungu, maana tamu sina. Hutamufikia. Aliyejua ameuawa, tumebaki sisi wa kuiga. Mji huu umejaa watu kama we: waliojua kuoka mukate wamekwenda, waliojua kuimba wamekwenda, aliyebaki anaimba kwa sauti mbovu kwa sababu hakuna mwingine. Unataka na we utupe sindano chooni, tubaki na nini? Na mashine ya Asiatique?

Fanya hivi. Hilo ua usilirudishe, mukono wako usiupitishe pale tena. Usingoje Ijumaa. Jibu hili Massoudi anakuletea leo mukononi, gazeti linatoka kesho. Majina ameyabadilisha, lakini Kinama shuka kama hiyo ni moja, na sitaki Sephora asikie habari hii sokoni. Beba shuka, beba ule uzi, nenda kwake sasa hivi. Mwambie ulifumua kwa wivu. Atalia, labda atakufukuza. Kaa mulangoni. Akikufungulia, mugeuzie shuka, mushike kidole umupitishe kwenye zile tundu, umwambie hapa mama yako alikosea, akarudia kwa ajili yako. Uzi ni wake, umupe. Wakwe wakiuliza kidonda hicho ni cha nini, waje kuniuliza mimi, hapa Jabe kila mutu anaijua nyumba yangu.

Na sindano zako zitoe kwenye hicho kitambaa. Kata kipande cha shuka yako, ushone ua moja kwa namna yako, usimutazame mutu, umupelekee bibi arusi Jumamosi. Likiwa yai, na liwe yai. Mutoto huyo ana njaa ya mama tangu 95. Hatalikataa.