Mchezo Unaoachika

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji na hao watoto wako, ambao kwa haki ni wanangu pia ingawa sijawatia machoni. Mimi hapa sijambo, ila jino moja la nyuma linanisumbua nikinywa cha baridi, na kwa kuwa sina mwingine wa kumlalamikia, nakulalamikia wewe.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati namba yangu ya simu unayo. Simu nilijaribu mara mbili mwaka huu. Ulipokea, tukaulizana mvua, tukaulizana kazi, tukaagana. Mimi na wewe kwenye simu ni kama wagonjwa wawili wanaosubiri daktari mmoja. Karatasi angalau haina haraka.

Bado naishi kwenye chumba kile kile juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi nimeshaizoea kiasi kwamba nikiwa kwingine naona hewa imepungukiwa na kitu. Mke wangu, kama ulivyosikia, aliondoka, huu ni mwaka wa tatu. Hakuondoka kwa ugomvi. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye kila siku anaonekana kama anataka kusema neno, halafu hasemi. Nimebaki na vikombe viwili, na kile cha pili nakiosha kila Jumapili kwa huruma tu. Siku nyingine natoka kazini Ijumaa na sisikii jina langu mpaka Jumatatu.

Kazi nimebadilisha. Mafriji nimeachana nayo, sasa ni fundi wa mashine za michezo, zile za zamani, makabati marefu yenye kioo, fimbo na vitufe, kama tulizozijua tukiwa wadogo. Ziko kumi na moja, kwenye ukumbi wa ghorofa ya kwanza katika jengo la maduka, kati ya saluni na ofisi ya tiketi za mabasi. Bosi alizinunua zote kwa mkupuo kutoka kwa mtu aliyefunga biashara, na hajui hata moja inavyochezwa. Mimi nafuta vumbi ndani, nabadilisha springi za vitufe, nalehemu nyaya zilizoachia. Bosi ananiita Profesa kwa sababu nikilehemu navaa miwani.

Mwezi uliopita alinijia na habari kwamba saluni inapanuka na inachukua nusu ya ukumbi wetu, kwa hiyo mashine sita lazima ziondoke. Akanipa daftari na kunituma kazi ambayo sijawahi kuifanya: nikae kitini nitazame vijana wanapenda ipi. Alinisisitizia kuwa hataki habari za mabingwa, wale wanaotokwa jasho na kugombana na kioo, maana hao wamebaki wawili na wote wana vipara. Anataka habari za wapita njia: msichana anayesubiri zamu yake saluni, wanafunzi wanaosubiri basi, wapenzi wasiojua waende wapi. Alisema hao ndio wateja, na kwamba mimi sijawahi kuwa mmoja wao hata siku moja. Hapo hakukosea.

Basi nikakaa. Kaka, kutazama watu wakifurahi ni kazi ya upweke kuliko zote nilizowahi kufanya. Wanakuja wawili, watatu, wanne. Aliyekuja peke yake sijamwona akimaliza dakika tano. Wanacheka, wanasukumana, wanapigana picha, na mimi nipo kwenye kona na kalamu yangu, kama msimamizi wa mtihani ambao hakuna anayeuogopa.

Nilidhani watapenda mchezo wa ndege, ule wa watu wawili, maadui wanashuka kutoka juu na nyinyi mnarusha risasi kutoka chini. Hawaupendi. Wanakufa ndani ya nusu dakika, wanatazamana, wanahamia kwingine. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikamwendea kijana mmoja nikamweleza kwamba siri ya hatua ya tatu ni kubaki kushoto. Alinisikiliza kwa adabu zote, akasema asante mzee, akaenda zake. Mzee! Mimi, miaka thelathini na saba! Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha mashine iliyozimwa, na kusema kweli sikumlaumu sana.

Wanachopenda ni matofali yanayoshuka, kwa sababu hakuna wa kufundishwa: ukiona pengo unajua pa kuziba. Wanapenda gari la mbio lenye usukani na kiti, kiti cha mtu mmoja ambacho wao wanakikalia wawili. Wanapenda mchezo wa ngumi, ingawa hawajui pigo hata moja. Wanabonyeza vitufe vyote kwa viganja, na aliyeshinda hajui ameshindaje. Wanapenda chochote ambacho hata ukishindwa kinachekesha wenzako. Na kuna jambo la majina. Mtu akipata alama nyingi mashine inamwomba aandike herufi tatu ili akumbukwe. Sisi tungetoana roho kwa zile herufi tatu. Hawa wanabonyeza tu mpaka itoke A, A, A, wanaondoka, hata orodha nzima inaonekana kama mtu mmoja amewashinda wote.

Kwa wiki tatu niliandika kwamba ni wavivu. Halafu nilifuta.

Nilifuta kwa sababu ya msichana mmoja wa miaka kumi na sita hivi, aliyekuja na wenzake kupoteza muda wakati mama yake akisukwa saluni. Alikuwa kwenye matofali, na siku hiyo mkono wake ulikuwa na bahati. Alipanda mpaka hatua ambayo sijaona mpita njia akiifikia. Wenzake walimzunguka wakipiga kelele, na mimi mwenyewe nilisimama kitini. Ndipo mama yake akatokea mlangoni, kichwa nusu kimesukwa, akamwita. Hakupaza sauti. Alimwita mara moja tu, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Msichana akaachia fimbo papo hapo, akaitikia abee mama, akaenda. Hakugeuka hata kutazama. Matofali yaliendelea kushuka yenyewe mpaka yakajaa.

Nilikaa chini nikaandika: wanapenda mchezo unaoachika. Bosi ameipenda sana sentensi hiyo. Kwa kuifuata amechagua mashine tano za kubaki, ile ya ndege inaondoka, na anasema sasa uprofesa wangu umethibitika. Hajui kwamba nilipomaliza kuiandika nilijifungia chooni nikalia, mpaka mtu wa usafi akagonga kuniuliza kama naumwa.

Kaka, nimelizunguka jambo lenyewe kurasa zote hizi. Sasa napiga moyo konde.

Siku ile mama akiwa mgonjwa kitandani, baba aliponituma kwako, nilikuwa na miaka kumi, wewe kumi na sita. Aliniambia nikimbie ukumbini nikakwambie mama anakuita, uje sasa hivi. Nilikimbia kweli, nikafika nikihema. Ulikuwa kwenye mashine ya ndege, rafiki yako ndiyo kwanza ameondoka, upande wa pili uko wazi. Kabla sijafungua mdomo ulinitazama, ukacheka, ukasema nimekuja wakati mzuri, nishike upande ule. Kabla ya hapo hukuwahi kunikubalia hata mara moja. Siku zote ulisema mikono yangu ina mafuta. Nikashika. Nilijiambia nitakwambia tukishakufa, na kwa kuwa sikujua kucheza nilihesabu kwamba tutakufa mara moja. Lakini ulinilinda. Kila adui aliyenijia ulimpiga wewe. Tulifika mbali ambako peke yako hukuwahi kufika, ukawa unanipiga mabega kwa furaha, na mimi sijawahi kufurahi vile tena maishani. Muda wote huo nilikuwa na maneno ya baba mdomoni.

Tulipokufa ndipo niliposema. Tulikimbia wote wawili. Mama alikuwa ameshakata roho.

Yaliyofuata unayakumbuka kwa namna nyingine, kwa sababu kumbukumbu hiyo nilikupa mimi. Shangazi aliponishika mkono mbele ya watu na kuniuliza mbona tumechelewa, nilisema nilikwambia pale pale nilipofika, nikakwambia mara tatu, na wewe ukanijibu ngoja nimalize. Baba alikugeukia. Wewe ulinitazama mimi, ukafikiri kidogo, ukasema labda, hukumbuki, kelele zilikuwa nyingi. Uliniamini mimi kuliko masikio yako mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka ishirini na saba.

Hukuambiwa, kaka. Hukusema ngoja. Sikukwambia mara tatu, wala mara moja, wala kwa kunong'ona. Mama alikuulizia mpaka mwisho, na aliyekuzuia usifike ni mimi. Nilimwona baba akipita mezani bila kukusemesha, nikajiambia kesho nitasema. Nilikuona ukifunga begi lako ulipofikisha miaka kumi na minane, nikajiambia hivyo hivyo. Najua umejihesabu mtoto aliyeitwa na mama yake akakataa. Hukuwa huyo. Ungeitwa, ungeachia fimbo na kwenda, na hilo mimi nililijua tangu siku ile. Sikuombi unisamehe kwa barua moja. Naomba tu uache kujichukia kwa jambo ambalo hukulifanya.

Kwanza nilikwenda kwa baba. Jumapili nilisafiri nikamweleza yote mbele ya shangazi, maana uongo niliusema mbele za watu. Shangazi alilia. Baba hakunipiga wala hakunitukana, na ningefurahi angefanya mojawapo. Alikaa akikunja leso yake na kuikunjua. Mwisho akaniuliza wewe, kaka, unaishi wapi. Nikamtajia mji. Akasema mji anaujua, anachouliza ni nyumba. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu ndogo hazioni tena, akaikunja akaiweka mfuko wa shati.

Anakuja kwako Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nilitaka kumsindikiza, akakataa. Nilimwomba akupigie simu kwanza, akasema mtoto haombwi radhi kwa simu. Sijui atakwambia nini, wala sidhani kama yeye mwenyewe anajua. Ndiyo maana barua hii naituma leo hii kwa basi, ikufikie kabla yake.

Nisalimie sana shemeji. Watoto waambie wana baba yao mdogo, mwembamba, mwenye jino bovu, na kwamba siku wakitaka kumwona yupo. Ukinijibu nitashukuru. Usiponijibu sitakulaumu. Mungu akulinde na nyumba yako yote.

Na Jumamosi, tafadhali, usitoke nyumbani. Baba siku hizi hagongi kwa nguvu.

Ni mimi mdogo wako,
Kibiriti