Ufunguo Niliomwachia Halima

Baba yangu mpendwa,

Ni mimi, Nafula wako. Nakuandikia nikiwa mzima, nimeshiba, nimeketi mlangoni mahali penye upepo kidogo. Nyonga yako inaendeleaje? Mguu unakuruhusu kufika zizini asubuhi, ama Mama bado anakukataza? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Ukijibu, nijibu yote, usiniandikie tu “tuko sawa” kama mara ya mwisho. Najua simu ipo, lakini sikio lako la kushoto lilibaki kwenye injini ya trela uliyoendesha, na mambo niliyo nayo leo si ya kupigiwa kelele hadi majirani wote wa Kitale wayasikie.

Huku Kitui kusini mvua ilikuja siku mbili, ikalaza vumbi, ikaenda zake. Kazi ya maji haijapungua. Juzi tumeteremsha pampu ya sola kwenye kisima kimoja mbali huko upande wa Tsavo, na maji yalipotoka akina mama waliimba hadi nikajifanya nakagua nyaya ili wasinione nikifuta macho. Nimezoea hapa, Baba. Hata muthokoi, yale mahindi yao yaliyokobolewa wanayopika na maharagwe, siku hizi nakula bila kuuliza ugali uko wapi.

Sasa lile gari. Nilipokuambia nimenunua gari dogo kwa mwalimu aliyehamishwa, na kwamba halina mahali pa kuchomeka ufunguo, ulinicheka. Ufunguo wake ni kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti. Ukiwa nacho mfukoni unashika mlango, unafunguka. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, injini inawaka. Nilipewa viwili. Wewe ukaniambia neno moja: “Wa pili ufiche kwenye chesi, chini ya gari, ufunge na waya. Mimi sikuwahi kulala njiani kwa sababu ya ufunguo.” Nami nikakutii. Nililala chini ya gari na koleo nikaufunga vizuri, chini ya mlango wa dereva.

Jumapili iliyofuata nikatoka ibadani, nikamkuta Mzee Musyoka, mzee wetu wa kanisa, ndani ya gari langu. Ameketi kiti cha dereva, kofia iko magotini, anakoroma.

“Mzee, umeingiaje humu?”

“Jua lilikuwa kali, mama. Nilishika mlango tu, ukanikaribisha.”

Ndipo nikaelewa. Gari hili halijui mtu. Linausikia ufunguo, basi, na ufunguo ukiwa karibu, yeyote atakayeshika mlango ndiye mwenyewe. Nilikuwa nimelifungia gari langu ruhusa chini ya tumbo, nikalitembeza wilaya nzima. Usijilaumu, trela yako ilikuwa na akili zake.

Nilipopita mji wa Kwa Vonza kuchukua mabomba nikamwendea fundi wa umeme wa magari. Alifungua kidude, akatoa betri, ndogo kama kifungo cha shati. “Sasa umelala,” akasema. “Gari haliusikii tena.” Akanionyesha kwamba ndani yake kumefichwa ufunguo mwembamba wa chuma wa kufungulia mlango kwa mkono kama zamani, na kwamba ukitaka kuwasha gari unakigusisha kile kidude chenyewe kwenye kitufe, kinakubali hata bila betri. “Lakini usiufunge chini,” akaniambia. “Kwa barabara zenu utaanguka wiki ya kwanza. Mpe mtu unayemwamini.”

Mtu huyo ni nani, kwa mtu aliyekuja hapa na begi moja? Nilifikiria njia nzima. Mwenye ploti ninakopanga, Mutinda, ni mtu mwema lakini ana maneno mengi, ukimwachia siri Jumatatu inarudi kwako Jumanne ikiwa imenona. Mwishowe nikamwendea Halima.

Halima ana duka mkabala na ploti yetu. Sukari, leso, sabuni, betri za tochi. Watu wao walitoka upande wa Garissa, na mumewe, Abdi, hununua mbuzi kwenye masoko ya kaskazini, kwa hivyo wiki nyingi yuko safarini. Tangu nifike yeye ndiye huniwekea mkate. Nikampelekea ufunguo, nikamwonyesha mara moja unavyotumika, pale pale ndani ya gari. Hakufurahi.

“Nafula, dada yangu, usinipe shida. Hili gari likipotea watasema ni nani?”

“Nani atasema?”

“Wewe ni mgeni wa juzi. Mimi ni mgeni wa miaka kumi na miwili. Najua watakachosema.”

Nilimsihi. Mwishowe akauchukua, akautia ndani ya mkebe wa majani ya chai kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya majani yenyewe. Akaniambia, “Siku usipoliona gari, utakuja kwangu kwanza. Kabla ya polisi, kabla ya Mutinda. Niahidi.” Nikaahidi.

Baba, hapa ndipo ningependa uniandikie ukisema hukunilea hivi.

Ilikuwa Alhamisi. Mimi nilitoka alfajiri na lori la mradi, gari nikaliacha uani. Karibu kijiji kizima kilikuwa kimekwenda mazishini, juu kule mlimani, na maduka mengi yalifungwa. Nilirudi saa tisa mchana, nimechoka, nina matope hadi magotini. Uani hakuna gari. Nikashika mfuko, ufunguo wangu upo.

Nilivuka barabara mbio hadi kwa Halima. Duka limefungwa, kufuli mbili. Halima hafungi duka mchana, hata siku ya mvua. Nikampigia, simu yake haipatikani. Nikasimama pale na jua kichwani, na wazo likaniingia ambalo hadi leo najuta kulipa nafasi.

Wakati huo watu walikuwa wanarudi kutoka mazishini kwa makundi. Mutinda akanikuta pale. “Nini, fundi?” Nikamwambia gari halipo. Akashika kiuno, akatazama kufuli za Halima, akanitazama mimi. “Si nilisema? Hawa si watu wa hapa. Unafungua duka, unacheka na watu, siku moja umekwenda.” Wengine wakaitikia. Mimi mwenyewe si mtu wa hapa, Baba, lakini sikusema hivyo. Nilikwenda nao hadi kituo cha polisi, na askari aliponiuliza kama namshuku mtu, nikasema kwa sauti, watu kama kumi na watano wakinisikia: “Ni Halima tu anayejua ufunguo wa pili uko wapi.”

Akaliandika. Niliiona kalamu ikiandika jina lake.

Kisha akataka kitabu cha gari. Nikakimbia nyumbani kukichukua, na nilipofungua mlango nikakanyaga karatasi. Ilikuwa karatasi ya kaki ya kufungia sukari, imesukumwa chini ya mlango. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: “Susu ameumwa na nyoka. Nimechukua gari tuko Mutomo. Simu haina moto. Usiogope. Halima.”

Susu ni jina wanaloita bibi huku. Na Susu tunayemwita hivyo sote hapa kijijini ni mama yake Mutinda.

Sijui nilirudije kituoni. Nilimpa Mutinda karatasi mkononi. Alisoma, midomo yake ikitembea, akasoma tena. “Mwaitu,” akasema, yaani mama. Askari alivuta mstari mrefu juu ya alichoandika. Mimi na Mutinda tukapanda bodaboda moja hadi hospitali ya Mutomo, mwendo wa saa nzima.

Gari langu lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli kwenye uwanja wa hospitali, limefungwa vizuri, limejaa vumbi hadi vioo. Halima alikuwa kwenye benchi, viatu kavua, buibui lake lina damu kidogo na matope mengi. Mutinda akapita mbio akaingia wodini. Mimi nikabaki.

“Susu?”

“Yuko hai. Wamempa dawa. Mguu umevimba hivi,” akaonyesha na mikono. “Daktari amesema tungechelewa kidogo tungesema mengine.”

Alinieleza yote. Susu alikuwa peke yake nyumbani, akavuta kuni kwenye rundo, nyoka akamuuma kifundo cha mguu. Alijikokota hadi barabarani, na duka lililokuwa wazi lilikuwa moja tu. Hakuna bodaboda, zote zimebeba watu wa mazishi. Halima akamwaga majani yote ya chai sakafuni.

“Mlango ulifunguka na kile kichuma. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Halafu nikakumbuka ulivyonionyesha, nikakigusisha pale. Likawaka.”

“Na nani aliendesha?”

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. “Mimi. Marehemu baba yangu alikuwa na pikapu. Nani alikuwa anampelekea ngamia maji, unafikiri?”

Miaka kumi na miwili, Baba, na hakuna mtu kijiji kizima aliyejua anaendesha gari. Hakuna aliyemuuliza.

Ningeweza kunyamaza. Mstari ulikuwa umeshavutwa. Lakini angesikia dukani kwake kesho yake, kwa mdomo wa mteja, kwa hivyo nikamwambia. “Halima, nimekutaja polisi.”

Alichukua kiatu kimoja, akakikung'uta vumbi, akakiweka chini tena.

“Ulikuja kwangu kwanza?”

“Nilikuja. Palikuwa pamefungwa.”

“Na nyumbani kwako hukuingia.”

“Sikuingia.”

“Walikusikia wangapi?”

“Kama kumi na watano.”

“Basi utawaambia hao kumi na watano. Mmoja mmoja. Na jina langu ulitaje kwa sauti ile ile.”

Nilifanya hivyo. Ilinichukua siku tatu. Niliingia nyumba kwa nyumba, nikanywa chai nyingi ambayo sikuitaka, nikasema: nilimdhania Halima mwizi, na Halima alikuwa anamwokoa Susu. Wengine walicheka, wengine waliangalia chini kwa sababu nao walikuwa wameitikia. Jumapili niliomba nafasi wakati wa matangazo nikasimama mbele ya kanisa zima. Mzee Musyoka ndiye aliyesema amina kwanza.

Halima aliendelea kuniuzia mkate siku hizo zote, lakini alinihesabia chenji bila kuniangalia usoni. Hilo liliniuma kuliko matusi. Sikumharakisha. Ufunguo alinirudishia umefungwa kwa kitambaa, nikaupokea.

Mutinda naye alipata adhabu yake. Susu aliporudi nyumbani, mguu ukiwa bado mzito, alimwambia mbele yetu kwamba ana mtoto mmoja tu mwenye akili, na huyo ni wa dukani. Basi Mutinda akachagua beberu wake bora kabisa, akampelekea Abdi kwa shukrani. Umewahi kusikia mtu akimpelekea mchuuzi wa mbuzi mbuzi? Abdi alimpapasa beberu mgongo, akamwangalia meno, akasema kwa heshima zote, “Mzee, huyu ni mzee kuliko wewe.” Mutinda alicheka hadi akakaa chini. Wakamchinja beberu pale pale, Abdi mwenyewe akishika kisu, na tukala wote, Susu akipelekewa maini kwanza. Siku hiyo Halima alikaa karibu nami kwenye mkeka. Alininong'oneza kwamba breki zangu ni mbovu na naendesha gari kama nasukuma sanduku. Nilipeleka gari kwa fundi kesho yake. Alikuwa amesema kweli.

Hiyo ni kama mwezi mmoja sasa. Niko sawa, Baba, tena zaidi ya sawa. Jioni baada ya kazi Halima hufunga duka na tunakwenda na gari hadi bwawani na kurudi, yeye akiendesha, mimi nikipigiwa kelele kuhusu gia ambazo gari halina. Watu humpungia mkono. Wiki jana mke wa mchungaji alimwomba amfundishe.

Mwambie Mama nimepokea wale samaki wake wadogo wa omena na wamefika bila kuvunjika. Msalimie Wafula, kaka yangu, na umwambie aache kukuendeshea trekta akiwa ameshika simu. Salamu kwa shangazi Nanjala anayeniombea kila Ijumaa, aendelee. Na umkumbatie mtoto wa dada, aliyeanza shule, hata kama atakataa.

Jana nilikwenda kuchukua mkate. Halima anasafiri Garissa, mdogo wake anaolewa, na Abdi bado yuko kaskazini. Alinihesabia chenji, akaniangalia usoni, na juu ya sarafu akaweka funguo mbili za kufuli za duka zikiwa kwenye uzi mwekundu. “Gari la mkate huja saa kumi na mbili asubuhi,” akasema. “Usichelewe.” Kisha akarudi kupanga sabuni zake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimezificha, Baba, na usiniulize wapi, maana hata wewe sikuambii.

Ni mimi binti yako anayekupenda,

Nafula