Bila Msumari Hata Mmoja: Kwa Mwalimu Zdravka Yotova

Mwaka umetimia leo, Zdravka, tangu Mungu alipokuita kabla forsadi hazijaiva.

Miaka thelathini na moja ulifundisha chekechea ya mtaa wetu. Mtoto aliyebakiza maji kikombeni hakuyamwaga ovyo. Alikwenda kuyamimina kwenye shina la mforsadi ulio langoni. Kila Ijumaa wewe na watoto mlitoka na koleo lako dogo, mkang'oa misumari ambayo sisi watu wazima tunaipigilia kwenye miti: matangazo ya nyumba za kuuza, matangazo ya vifo. Misumari ilijaza chupa ya jamu. "Mti hauna mkono wa kujikuna," uliwaambia.

Na nyumbani uliyasema hayo hayo, mimi nimeinamia daftari la masomo yangu ya jioni, naitikia tu bila kusikia. Ndiyo maana ulipotuacha nilifanya kama mji mzima unavyofanya. Nilichapisha tangazo lenye picha yako, nikalibandika kwenye milango, na pale kwenye mforsadi nikalipigilia kwa misumari minne.

Kesho yake Iskra, mwanafunzi wako wa miaka mitano, alikuwa ananisubiri langoni.

"Babu Metodi, nani kampigilia mwalimu misumari?"

"Mimi, mjukuu wangu."

"Na shule yote hiyo unayokwenda kila jioni?"

Nikaanza kuichokonoa misumari kwa kucha.

"Haya, lete koleo. Mimi nitamshika mwalimu asianguke."

Niling'oa mmoja mmoja, nikimwomba Mungu msamaha, na wewe pia.

Sasa manispaa imepaka alama nyekundu kwenye shina la mforsadi. Wanataka kuukata Jumatatu, eti forsadi zinachafua magari yanayoegeshwa chini yake. Ofisa alikuja kutueleza. "Ni mti tu, mzee," akaniambia. Iskra akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mjomba, si msogeze magari? Mti hauna magurudumu." Watu wakacheka. Ofisa naye akacheka kidogo, kisha akasema amri ni amri.

Basi tunajibu hapa, mbele ya kila anayesoma: hapana. Nimeliombea jambo hili mwezi mzima, na kila nikiinuka kutoka magotini nakuta jibu ni lile lile. Mungu aliuotesha mti huu kabla gari la kwanza halijafika mtaani. Hakuna amri ya ofisi iliyoitangulia ile ya Mungu.

Jumapili, baada ya ibada ya kukuombea, ngano ya kuchemsha, sadaka ya marehemu, tutaigawa chini ya mforsadi. Jumatatu asubuhi tutarudi. Watakaokuja na msumeno watatukuta tumeketi, kila mtoto na kikombe chake cha maji.

Tangazo hili limefungwa kwenye shina kwa uzi wa sufu, mwekundu na mweupe, tuliouvaa mikononi mwezi wa tatu kukaribisha majira ya machipuko. Anayetaka kuukata mti huu aufungue kwanza uzi huo kwa mikono yake, kisha alisome jina lako kwa sauti mbele ya watoto uliowafundisha.

Wanaokukumbuka ni mumeo Metodi; binti yetu Desislava na mumewe Krum; dada yako Ginka; na watoto wa chekechea, walioomba waandikwe pamoja na ndugu.

U mioyoni mwetu daima, Zdravka. Na hatusogei.