Kabari ya Mashine ya Baba

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Magoti yananiuma, ila bado yanakubali kupigwa, na kwangu hilo ndilo kubwa.

Naandika nikiwa na woga, kaka. Usishtuke, hakuna aliyefariki.

Unaikumbuka mashine ya baba ya kutolea prufu, zile chapa za majaribio, ile ya silinda inayosukumwa kwa mkono juu ya herufi. Tangu tumzike baba imelala stoo kwangu chini ya turubai, nami nikipita pale napita haraka. Mwezi uliopita mjalidi, huyu ninayemshonea vitabu, aliiona alipofuata kazi yake. Aliizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema wateja siku hizi wanapenda kadi zilizopigwa kwa herufi za risasi, tuihamishie kwake tuifufue. Nikamwambia sijui lolote. Akacheka, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilishindwa kukataa, maana angeniuliza kwa nini.

Basi nimeisafisha wiki mbili. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, reli nikazifuta mpaka nikajiona uso, na kila tundu la mafuta nikalizibua kwa sindano yangu ya kushonea vitabu. Rola za wino zilikuwa zimepasuka kama visigino vyangu, tukazipeleka zikavishwe mpira mpya. Kazi yote hiyo nimeifanya kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia silinda isisogee. Mjalidi akanitania kuwa naishika mashine kama mbuzi anayetaka kutoroka. Nilicheka naye, na jasho linanitoka.

Juzi akaja fundi mitambo kuisimamisha sawasawa. Bwana huyu hupima kila kitu, sisi tunamwita Pima Maji, na nasikia hata meza ya arusi yake aliipima kabla ya kuketi. Aliweka kipimo chake juu ya kitanda cha mashine, pale herufi zinapolazwa, povu la ndani ya kioo chake likakimbilia upande. Akadhani ni sakafu. Sakafu akaikuta sawa. Akalala chini na tochi, akainuka akisema mguu mmoja wa nyuma ni mfupi kwa unene wa sarafu mbili, na umekuwa hivyo tangu zamani. Akaniuliza watu wetu walifanyaje kazi na mashine inayoteremka. Nikamwambia palikuwa na kabari ya mbao ya kuzuia silinda, na neno la baba lilikuwa kabari kwanza, mkono baadaye. Akauliza, na ikitolewa je? Kabla sijajibu akaiachia silinda tuone.

Ilitulia. Tukadhani haiendi. Halafu ikaanza yenyewe, polepole, bila sauti, ikaongeza mwendo, ikagonga mwisho wa reli. Kaka, ulikuwa mlio uleule. Niliaga kwamba nakwenda kusali, na wakati wa sala ulikuwa bado. Nilisimama chooni nimeshika ukuta.

Sasa nivumilie, maana nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Siku ile ulipoumia, baba alikuwa amekwenda kununua karatasi. Wewe ulikuwa umeinama juu ya kitanda unachomoa herufi iliyogeuka. Mimi nilikuwa nasafisha rola, harufu ya mafuta ya taa imenipanda kichwani, na mlango unajifunga kila upepo ukivuma. Nikaichomoa kabari nikaibana chini ya mlango. Silinda ilitulia, kama ilivyotulia juzi, nikaona haina neno. Sikukwambia. Nilikuwa nanawa mikono niliposikia ule mlio, kisha ukelele wako, vidole vikiwa chini ya silinda.

Hilo lingekuwa kosa la mtu mjinga, na huenda ungenisamehe jioni ileile. Lakini majirani walipokubeba kwenda hospitali nilibaki peke yangu, nikaitoa kabari mlangoni, nikaitundika kwenye msumari wake ukutani, pale ilipokaa isipotumika. Baba aliporudi aliikuta hapo. Wewe ulipotoka hospitali ulimwambia uliiweka. Akakuonyesha msumari. Ukasema tena uliiweka, naye akanyoosha kidole tu. Mara ya tatu ukasema labda ulisahau. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na chai yako mkononi.

Hukusahau, kaka. Uliiweka.

Ulikuwa ukisoma herufi zilizogeuka haraka kuliko baba, ukaishia kulinda mageti ya watu. Katika picha zote za arusi yako mkono umo mfukoni. Na kila tukikutana unawasimulia watoto habari za baba yao msahaulifu aliyesahau mpaka vidole, wao wanacheka, wewe unacheka, nami nacheka nao. Nimetubu kwa Mungu miaka yote hii. Lakini vidole havikuwa vya Mungu, vilikuwa vyako, na kwako sikuwahi kuja.

Pima Maji ameweka kipande cha chuma chini ya ule mguu, na sasa povu linakaa katikati. Silinda haiendi popote. Hata hivyo bado naiwekea kabari, ileile. Prufu ya kwanza tuliitoa jana, upande mmoja umekolea wino, wa pili unasomeka kwa shida. Mjalidi anasema bila wewe hatufiki, anataka kukupigia simu uje utufundishe. Nimemwomba asubiri barua hii ikufikie, maana sikutaka usikie habari za ule mguu kwa fundi, ukaanza kujiuliza peke yako. Naogopa ukija, kaka. Usipokuja naogopa zaidi, kwa kuwa katika tumbo la mama tumebaki wawili tu.

Nisalimie sana wifi, na watoto wote. Ukiona vema kuwaeleza, waeleze, wasimcheke tena baba yao.

Tafadhali nijibu mapema, hata kwa mstari mmoja.

Ni mimi mdogo wako,
Mshona vitabu