Kiberiti Kizima cha Makole

Basi, mdogo wangu Mwajuma, mama jirani wa hapa Makole kanipa kiberiti kizima! Nami nimesimama mlangoni kwake na kigae changu, nangoja kaa moja la moto kama tunavyofanya huko Kondoa. Akacheka, ana roho nzuri tu: "Chukua, bibi, siku hizi viberiti vimejaa madukani." Akafunga mlango, anawahi ofisini. Ndiyo yamekwisha? Hata sijaketi, sijauliza watoto wameamkaje! Unamkumbuka marehemu mama? Akitoka asubuhi kuomba moto, uji tunaunywa mchana.

Hapa mjini pazuri, simsingizii mtu. Maji ya bomba yapo, upepo ndiyo usiseme, vumbi mpaka kwenye ugali. Mwanangu Zaina anataka nihamie moja kwa moja. Anasema, "Mama, kazi yako kufuma vitambaa. Uzi unaletwa na basi kutoka Arusha, vitambaa vinarudi na basi. Si utakaa popote?" Kweli. Lakini hapa nafuma kimya kama mgonjwa. Huko nafuma huku wewe unanicheka mishono inavyopinda. Mkono wenyewe hapa hautembei.

Nafasi yangu barazani usimpe mtu, narudi. Zaina bado sijamwambia. Mpangaji wa Zaina anayeniandikia kadi hii anasema imejaa, nami hata sijaanza... Huyo Zaina, ananiita: "Mama! Fundi rangi kafika, njoo uchague ya chumbani kwako!"

Haya, naja, mwanangu. Mungu akuweke, Mwajuma. Naenda kumwambia.