Kengele ya Mbuzi kwenye Sanduku Lako

Baba Mwende,

Kaburi lako limeota nyasi na mimi bado nimekukasirikia. Naanza hivyo kwa sababu hukupenda nikizungusha maneno.

Matanga hayajaisha vizuri, ndugu yako Kioko akataka ufunguo wa kibanda chetu cha redio hapo Tala. Alisema mbele ya wazee, "Huyu atafungua redio za watu na mtoto mgongoni? Kikodishwe kwa wauza mitumba." Nikamjibu kwamba lile sanduku la kuangulia vifaranga ulilowaahidi kina mama wa Mwala, kikundi chao cha mwethya, nitalimaliza mimi. Likiangua, ufunguo ni wangu. Lisipoangua, achukue. Wazee wakakubali, nadhani ili ninyamaze.

Basi nikalifunga vile ulivyochora. Joto la taa ya mafuta, na ile chipu yako ndogo ya kutumia betri ya gari, kazi yake kupima joto na kuita mtu taa ikizima. Nikaweka skrini yako ya maandishi, zile batani zako nne, na baza ya kupiga mlio.

Unajua nani hukaa na sanduku wengine wakienda shamba? Susu. Nyanya yako mwenyewe, na macho yake yameingia ukungu. Alipapasa batani, akabonyeza mbili kwa kidole kimoja, akaniuliza, "Mwana wangu, hii ni ya kuku ama ni ya mchwa?"

Hiyo tulicheka. Baza haikuchekesha. Siku taa ilipozima, kina mama walikuwa hapo nje tu wanapura pojo. Baza ikalia pii, pii. Kila mmoja akaingiza mkono kifuani. "Simu ya nani hiyo?" "Si yangu, yangu haina chaji." "Basi ni ya Mama Mutua, huyo ndiye wa kupigiwa-pigiwa." Wakaendelea kupura. Mayai yote yalipoa, Baba Mwende. Tuliyafukia nyuma ya choo, na Kioko akaja hadi kibandani kuninyooshea kiganja. "Shemeji, ufunguo."

Nikamwambia, "Sanduku bado halijanishinda. Rudi mayai mengine yakiisha siku zake." Alipoondoka ndipo nikalia, Mwende akinyonya, machozi yakimwangukia kichwani.

Halafu nikakasirika. Si wewe uliyenifundisha hapo kwenye meza? "Kabla hujashika solda, uliza ni mkono wa nani utashika hiki kitu, na ni sikio la nani litakisikia." Ulisema. Halafu wewe mwenyewe ukachora sanduku la mtu anayevaa miwani na kusoma Kizungu. Ulichagua kile ulichokipenda wewe. Ungekuwa hapa tungegombana, na ningekushinda.

Nikang'oa skrini yako. Nikang'oa batani. Mahali pake nikaweka swichi ya kuzungusha, ile ya kubadilisha mawimbi kwenye redio kuukuu, inayosema tak ukiigeuza. Nikaenda Wamunyu kwa mchongaji, nikamwomba anichongee kishikio cha kichwa cha kuku, kikubwa cha kujaza kiganja. Aliniuliza kama nimepoteza akili na mume pamoja. Lakini alichonga. Sasa mdomo ukitazama taa, sanduku liko macho. Wakifungua kugeuza mayai, wanauelekeza mlangoni, linanyamaza. Susu hupitisha mkono tu anapopita, anajua.

Na baza nikaitoa. Nikachukua kengele ya mbuzi, nikaifungia kwa mota ya redio kaseti iitikise. Najua, najua: mguu wa chipu hauwezi kubeba mota, weka transista katikati, na dayodi. Niliweka. Sikusahau chochote chako, hata kile ninachokataa.

Ile wiki ya mwisho ya mayai hayo mapya upepo ukazima taa tena, mchana, watu wakiwa mbali kidogo kwenye mahindi. Kengele ikalia. Ai! Ungewaona! Kina mama wote mbio, fimbo juu, "Mbuzi! Mbuzi ya nani imeingia?" Susu amesimama mlangoni anawapungia mkongojo: "Si mbuzi, ni taa! Leteni kibiriti!"

Vifaranga vimetoka. Si vyote, lakini vimejaa karai na vinapiga kelele kama kwaya bila mwalimu. Kioko alikuja akatazama. Hakuomba radhi, wala sikumngojea aombe. Aliniuliza tu kama naweza kumtengenezea mkewe sanduku kama hilo. Nikamwambia apange foleni kama wengine.

Nimechoka, sitakudanganya. Kuna asubuhi nafungua kibanda na sijui nguvu nimetoa wapi. Ila ufunguo uko shingoni mwangu, kwa kamba ya katani, na Mwende akibebwa anaushika.

Skrini yako sijaitupa. Iko kwenye droo, nimeifunga kwa kitambaa. Akija mwenye kuihitaji nitampa, na nitamwambia ni ya nani. Na huyu mtoto wako nitamfundisha kuuliza lile swali lako kabla hajajua kusoma. Hilo nakuahidi.

Sasa pumzika, mume wangu. Kengele ikilia, usihangaike kuamka. Tupo.

Mama Mwende